Sote tuliandika "biashara"

Daftari la chama chetu cha Kisauni, Mombasa, huwa kwangu. Mwaka jana, tulipoamua kukopeshana fedha nyingi kuliko tulivyozoea, niliongeza safu moja ubavuni mwa majina: kazi. Daftari likapita mkono kwa mkono, na liliponirudia nikakuta watu kumi na mmoja kati ya kumi na wanane wameandika neno lilelile. Biashara.

Miongoni mwao yumo mama auzaye mahamri na mbaazi kila asubuhi, pamoja na binti yake anayemsaidia. Yumo dereva wa tuktuk. Wamo kijana anayesukuma mkokoteni wa maji, fundi seremala mwenye vijana wawili karakanani, mshonaji anayeletewa vitambaa vya mabuibui na duka moja la mjini, na kijana aliyesajili kampuni ya uwakala wa forodha. Nami mwenyewe niliandika hivyo hivyo, kwa kuwa naweka hesabu za maduka matatu kwa malipo ya mwezi.

Hakuna aliyedanganya. Ila siku ya kujadili mikopo ndipo nilipoona kwamba neno hilo moja limebeba hali zisizofanana hata kidogo. Kuna mwenzetu akiugua wiki nzima hapati kitu. Mwingine akiugua, karakana inaendelea. Mwingine akiugua anaamka na deni. Ukiwakopesha wote kwa masharti yaleyale, eti kwa sababu wote "wamejiajiri", umewadhulumu baadhi yao bila kukusudia.

Hebu tulitazame neno lenyewe, kujiajiri. Kuajiri, ujira na ijara ni watoto wa shina moja la Kiarabu linalohusu malipo ya kazi. Ukitia -ji- katikati, mtoa kazi na mfanya kazi wanakuwa mtu mmoja. Na hapa Pwani yule mtoa kazi tunamwita tajiri, neno ambalo asili yake ni mfanyabiashara, likaja kuwa jina la mwenye chombo, mwenye gari au mwenye duka, hata kama yeye mwenyewe anakopa unga. Kwa hiyo kuuliza kama mtu amejiajiri ni kuuliza kama kweli hana tajiri mwingine zaidi ya nafsi yake.

Swali hili lina umri mkubwa. Richard Cantillon, mzaliwa wa Ireland aliyefanya biashara ya fedha mjini Paris, aliligusa katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1755, wakati mwenyewe ameshafariki miaka zaidi ya 20. Aliwagawa watafuta riziki mafungu mawili: wanaoujua ujira wao, na wasioyajua mapato yao mpaka yaingie mkononi. Katika fungu la pili hakuwaweka wenye mitaji tu. Aliwaweka pia wachukuzi wa maji, ambao mtaji wao ni viungo vyao. Kila nikilikumbuka hilo namwona kijana wetu wa mkokoteni. Anajaza mitungi kisimani kwa bei anayoijua, anaisukuma juani, na bei ya kuuzia itategemea kama mabomba ya mtaani yametoka maji siku hiyo. Yakitoka, anarudi na mitungi imejaa. Gharama aliijua tangu alfajiri, mapato hakuyajua. Mwenye kubeba hasara namna hiyo hahitaji duka wala leseni ukutani ili aitwe aliyejiajiri.

Kwa muda mrefu watu wa takwimu waliridhika na mgawanyo wa namna hiyo. Mwaka 1993, chini ya Shirika la Kazi Duniani (ILO), walikubaliana kuwa kuna waajiriwa upande mmoja, na upande wa pili kuna waajiri, wanaojifanyia kazi bila kuajiri mtu, wanachama wa vyama vya ushirika vya uzalishaji, na watu wa nyumbani wanaosaidia kazi ya familia. Mgawanyo huo ulidumu miaka 25. Oktoba 2018 wataalamu walikutana tena Geneva wakaupanga upya, kwa sababu umati wa watu ulikuwa umekwama katikati, si waajiriwa kamili wala si watu huru. Walichofanya ni kulipasua swali moja likawa mawili, na kila moja likajibiwa peke yake. La kwanza: nani mwenye mamlaka juu ya kazi? La pili: nani anabeba hatari ya hasara?

Jaribu maswali hayo kwa mama wa mahamri. Usiku anakanda unga kwa tui na iliki, anaufunika uumuke, na saa kumi alfajiri karai liko motoni. Mwisho wa mwezi ukiwa mbali anapunguza kiasi, kwa kuwa anajua mifuko ya wateja wake. Bei ya unga ikipanda, ni yeye anayeamua kama hamri litakuwa dogo au bei itaongezeka. Yakibaki, yamebaki kwake. Mamlaka ni yake na hasara ni yake, kwa hiyo jibu halina mvutano: amejiajiri, anajifanyia kazi mwenyewe.

Binti yake je? Anaosha mbaazi, anachoma mahamri, anahudumia wateja kabla hajaenda chuoni. Halipwi mshahara, na siku ya mauzo mabaya naye anakula kidogo kama mamake. Huyo kitaalamu ni msaidizi wa kazi ya familia. Maamuzi si yake, lakini hatari ni yake. Nchini kwetu kina dada na wake wengi wako hapa, na ukiwauliza watakwambia hawana kazi. Naona uchungu kila nisikiapo jibu hilo, kwa sababu mikono yao ndiyo iliyoshika nusu ya biashara.

Fundi seremala kampita mama kwa hatua moja. Kijana wake mmoja analipwa kila Jumamosi, na huyo ndiye anayemfanya fundi awe mwajiri. Kijana wa pili anajifunza, tena ada ya kujifunzia ililipwa na babake, kwa hiyo hamwongezei fundi cheo chochote. Kinachohesabiwa ni kuwa na mtu unayemlipa kwa kawaida, hata mmoja. Ukubwa wa karakana hauhusiki, na mke, mtoto au mbia hawaingii katika hesabu hiyo.

Sasa tufike penye kiini cha jambo. Mchukue kijana wa kampuni ya forodha na dereva wa tuktuk, uwaweke ana kwa ana.

Kijana wa forodha anaamua kila kitu: mteja gani amchukue, mzigo upi auache. Lakini kampuni aliyoisajili ni mtu mwingine mbele ya sheria. Ikishindwa kulipa deni, kwa kawaida wadai wanaifuata mali ya kampuni, hawabishi hodi nyumbani kwake. Ndiyo maana mgawanyo wa 2018, ukiuliza habari ya mamlaka, unamweka pamoja na watu huru, na ukiuliza habari ya hatari unamweka upande mmoja na wanaopokea mshahara. Mamlaka anayo, hasara kaikinga.

Dereva wa tuktuk ni kinyume chake. Nilipomwuliza habari ya kazi yake aliniambia, "Dadangu, mimi sina bosi. Ila tuktuk ni ya tajiri." Nikamwomba anionyeshe kijitabu chake cha hesabu. Siku njema moja aliingiza shilingi 2,900. Mafuta 850, ya steji 100, hesabu ya tajiri 1,000. Kikabaki 950. Kurasa mbili mbele kulikuwa na siku ya mvua: mapato 1,500, mafuta 550, ya steji 100. Mkononi 850, na hesabu ni ileile 1,000. Jioni ile alilala akidaiwa 150, baada ya kuendesha tangu saa kumi na mbili asubuhi. Pancha ni yake, injini ni ya tajiri. Tuktuk lazima iwe uani kwa tajiri kufikia saa tatu usiku, na haina ruhusa ya kuvuka kwenda Mtwapa. Siku tajiri akiamua, anampa ufunguo mtu mwingine bila notisi.

Hebu rudia maswali mawili. Hasara ya nani? Ya dereva, tena anaibeba kabla ya mtu mwingine yeyote, maana mapato ya tajiri hayaguswi na mvua. Mamlaka ya nani? Abiria gani na barabara ipi, hayo anaamua mwenyewe. Lakini chombo, saa, mipaka na kuendelea kuwepo kwa kazi yenyewe viko mikononi mwa mwingine. Mimi ningemweka katika fungu jipya lililoongezwa 2018, ambalo kwa Kiswahili ninaweza kuliita la wakandarasi tegemezi: watu ambao mapatano yao ni ya kibiashara, hasara ni yao, lakini wanategemea upande mwingine kwa kazi, kwa kipato au kwa kuwafikia wateja. Kijana wa forodha ana amri bila hatari. Dereva ana hatari na amri chache. Wote wawili waliandika "biashara".

Mshonaji wetu naye yumo humo. Cherehani ni yake na umeme ni wake. Kitambaa, mtindo, bei na siku ya kukabidhi vinapangwa na duka. Akiharibu kipande, anakatwa. Duka likipata mshonaji wa bei rahisi zaidi, hakuna barua ya kuachishwa kazi, kinachotokea ni kwamba vitambaa haviji tena. Na madereva wa teksi za programu za simu wako vivyo hivyo, ingawa tajiri wao hawamwoni uso. Kanuni za mwaka 2022 za usafiri huo ziliweka kikomo cha asilimia 18 kwa kamisheni inayochukuliwa na kampuni ya programu, jambo linaloonyesha kuwa serikali ilitambua dereva hana nguvu ya kupatana bei na mtu asiyemjua.

Hapa watu wengi huchanganya kujiajiri na kibarua, na Mombasa haina udhuru wa kuchanganya, kwa kuwa historia ya neno hilo imetembea mitaani mwake. Kibarua ni barua ndogo, kile kijikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku ili alipwe. Katika karne ya 19 hata watumwa walikodishwa kama vibarua, na sehemu ya ujira ikaenda kwa bwana. Baadaye makuli wa bandari ya Kilindini walichaguliwa asubuhi, wakalipwa jioni, kesho yake wakaanza upya. Waligoma 1939, na Januari 1947 mgomo wao na wa wafanyakazi wengine ukausimamisha mji, Chege Kibachia akiibuka kiongozi wa shirikisho la wafanyakazi Waafrika. Miaka ya 1950 ndipo makuli walipoanza kuandikishwa ili wawe na kazi ya kutegemewa. Kuli hakuwa amejiajiri hata siku moja. Hakuwa na hasara ya kubeba wala amri ya kutoa. Alikuwa mwajiriwa ambaye ajira yake ilikufa kila jioni.

Sheria ya Ajira ya 2007 inalisema hilo kwa namna yake: kibarua ni yule anayelipwa mwisho wa siku na asiyechukuliwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Akifanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja, kifungu cha 37 kinampa njia ya kuhesabiwa kama mwajiriwa wa mwezi. Nimekutana na watu waliofanya kazi ghala moja miaka minne wakiitwa vibarua, wakaamini wenyewe kwamba "wanajitafutia". Wamekosa likizo na malipo ya kuachishwa kwa sababu ya jina tu.

Mkanganyiko wa pili ni wa jua kali, yaani shughuli ndogondogo zisizo rasmi. Ujumbe wa ILO uliokuja Kenya ulitoa ripoti mwaka 1972, na ripoti hiyo ndiyo iliyoeneza duniani dhana ya sekta isiyo rasmi. Tangu hapo tukazoea kusema jua kali na kujiajiri kana kwamba ni kitu kimoja. Sivyo. Kijana anayelipwa Jumamosi kwa fundi seremala yuko jua kali, lakini ameajiriwa. Wakili mwenye ofisi yake Barabara ya Nkrumah amejiajiri, lakini hayuko jua kali. Jua kali linahusu kama shughuli inatambulika na kusajiliwa, kujiajiri kunahusu amri na hasara. Ripoti ya kila mwaka ya Shirika la Kitaifa la Takwimu imewahi kuwatatiza wengi kwa sababu hiyo. Sekta isiyo rasmi hubeba zaidi ya asilimia 80 ya ajira nje ya kilimo kidogo, halafu kuna kistari kifupi cha "waliojiajiri na wafanyakazi wa familia wasiolipwa". Msomaji hushtuka kwamba waliojiajiri ni wachache hivyo. Kistari kile ni cha sekta rasmi pekee. Mama wetu wa mahamri hayumo, yumo kwenye lile fungu kubwa.

Kinachochosha zaidi ni kwamba kila ofisi ina swali lake, na mtu yuleyule hubadilika jina akivuka barabara. Mamlaka ya Ushuru (KRA) haiulizi nani tajiri wako, inauliza umeuza kiasi gani. Tangu Julai 2023, biashara inayouza kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka hulipa asilimia 3 ya mauzo. Nilikaa na mama wa mahamri tukapiga hesabu. Akiuza 3,500 kwa siku, siku 300, hiyo ni 1,050,000. Kodi yake ni 31,500, na inakatwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Alinyamaza kwa muda mrefu. Alikuwa akijihesabu kuwa mtu wa chini kabisa. Na kwa Sheria ya Biashara Ndogo na Ndogo Zaidi ya 2012, mauzo yakipita shilingi 500,000 ameshavuka kiwango cha biashara ndogo zaidi, hata kama karai lake ni moja.

Kwa bima ya afya, mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara mwezi hadi mwezi. Asiye na mshahara hutathminiwa hali ya kaya yake na kutakiwa alipe ya mwaka mzima, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi. Wakati huo dereva wa tuktuk na wakili wa Barabara ya Nkrumah wanasimama foleni moja. Akiumia kazini, sheria ya fidia ya majeraha ya mwaka 2007 inamtazama mtu aliyeajiriwa kwa mshahara au ujira. Dereva anayepeleka hesabu hapokei mshahara. Anautoa.

Nchi nyingine zimejaribu kulijengea ukuta fungu hili la kati. Hispania kwa sheria ya 2007 inamtambua aliyejiajiri ambaye angalau asilimia 75 ya kipato chake kinatoka kwa mteja mmoja, na inampa siku 18 za mapumziko kwa mwaka. Uingereza ina ngazi tatu badala ya mbili, na Februari 2021 mahakama yake ya juu iliamua kwamba madereva wa Uber waliofungua kesi walikuwa katika ngazi ya kati: wana haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo. Sheria yetu ya ajira haina ngazi ya kati. Ama umeajiriwa, ama shauri yako. Tulicho nacho ni mwongozo wa ILO wa mwaka 2006, Pendekezo nambari 198, unaosema kwamba katika kuamua uhusiano wa kazi yatazamwe yanayotendeka, si jina lililoandikwa kwenye karatasi. Mimi nauona huo ndio msingi wa haki. Karatasi huandikwa na mwenye nguvu.

Chama chetu hakina nguvu ya kutunga sheria. Tulichofanya ni kuifuta safu ya kazi na kuweka tatu badala yake: chombo ni cha nani, nani anaamua, na siku mbaya hasara ni ya nani. Mshonaji alipojaza, aliandika "duka" katika safu ya pili na "mimi" katika ya tatu, akayatazama maneno hayo mawili, kisha akasema bei ya buibui hajaongezewa tangu mwaka wa juzi. Wiki iliyofuata alikwenda dukani kuizungumzia. Aliongezewa kidogo.

Dereva aliomba 80,000 ya malipo ya awali ili anunue tuktuk yake, nyingine iliyobaki akopeshwe na kampuni ya mikopo. Kikaoni mzee mmoja akauliza kama hapo atakuwa amejiajiri kweli. Nikakumbuka kesi moja ya Uingereza ya mwaka 1968, ya madereva wa malori ya zege. Malori waliyanunua kwa mkopo, wakatakiwa wayapake rangi za kampuni na wavae sare yake, na bado jaji akasema ni watu wa biashara zao, kwa kuwa mali na hasara vilikuwa vyao. Sikuwa na hakika kama mfano ule unamfariji mtu. Tulimpa fedha, kwa marejesho ya kila wiki badala ya kila mwezi, na wiki mbili za mvua kwa mwaka asilipe. Sasa tuktuk analaza kwake. Mtwapa anakwenda akitaka. Kadi ya umiliki iko kwa mkopeshaji, chini ya kiti kuna kifaa kinachoonyesha chombo kiko wapi, na katika daftari letu, kwenye safu ya "chombo ni cha nani", ameandika kwa penseli.